Vidole Vilivyopakwa Mafuta

Katika parcelle, yaani uani kwa Mama Infirmière, hukuruhusiwa kusema "raia wa kawaida." Ukisema, aliacha alichokuwa akifanya, hata kama ameshika mguu wa mtu wenye jipu, akakuuliza kwa ile sauti ya chini iliyotutisha kuliko kelele: "Kawaida ya nani? Na weye, uko raia wa namna gani?" Hakutaka pia "watu wa chini," wala "wanyonge." Siku moja Directeur, mkuu wa shule ya msingi na mpenda hotuba kuliko wote kikundini mwetu, alisimama, akashika kola ya koti lake, akaanza: "Sisi njo sauti ya bale benye habana sauti..." Hakumaliza. "Nani alikuambia habana sauti?" Mama Infirmière akamkata. "Kesho asubui wende ku soko ya samaki, utabasikia." Directeur akakaa. Alikatwa hivyo karibu kila Jumamosi, na kila Jumamosi alirudi.

Alikuwa muuguzi kwa miaka mingi katika kituo cha afya, akastaafu, cheo kikabaki kuwa jina. Nusu ya watu wa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, hawakujua jina lake jingine, nami sitaliandika hapa, angechukia. Baada ya kustaafu alifanya kazi mbili ambazo yeye aliziona kuwa moja: kutazama ngozi za watu na kubishana juu ya siasa. Zote zilifanyika barazani kwake Jumamosi baada ya saa tisa, kwenye viti vya plastiki na benchi moja lililoyumba. Ulikuja na upele wako, ukaondoka na maoni juu ya uchaguzi. Au ulikuja kubishana, ukaondoka umeambiwa ubadilishe sabuni.

Sisi tuliojiita watu wa mabadiliko hatukuzidi kumi na wawili. Walimu watatu, motard mmoja aliyebeba abiria kwa pikipiki, mke wa mchungaji, mshona nguo ambaye ni mimi, na wengine waliokuja wakapotea. Tulitaka vitu vya kawaida: barabara ya Uvira ipitike wakati wa mvua, wasichana wamalize shule, mwanamke aweze kugombea bila kuitwa majina, bunduki ziondoke mikononi mwa watoto wa watu. Nimeandika "kawaida." Anisamehe.

Mimi nilifika kwake kwa sababu ya uso, si kwa sababu ya nchi. Nilikuwa nimetumia mukorogo, yale mafuta ya kujichubua yanayochanganywa sokoni na kuuzwa katika vikopo visivyo na maandishi. Nilitumia kwa muda wa kutosha mashavu yawe mekundu na viungo vya vidole vibaki vyeusi, hata mtoto angejua nilichofanya. Nilitarajia hotuba juu ya uzuri wa mwanamke mweusi, na nilikuwa nimejiandaa kuichukia. Yeye alinigeuza uso kuelekea mwanga, akanusa shavu langu, akasema: "Dawa ya kwanza, uache. Dawa ya pili, uache. Ya tatu ni wakati, na ile siuzishe." Kisha akanipa masharti. Maji baridi, sabuni isiyo na manukato, mafuta ya mise, yale yanayotoka ndani ya kokwa ya mchikichi, kidogo tu, ngozi ikiwa bado na unyevu. Kitambaa kichwani kila nikitoka juani. "Na usijikwaruze. Weye unajikwaruza sababu ya aibu, haiko sababu ya kuwasha." Nililia pale pale, mbele ya Directeur na motard. Hakunibembeleza. Alinipa kitambaa kilicholowa, akaendelea na hoja yake juu ya nani ana haki ya kuitwa mwenyeji.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, mpaka mashavu yakapona nami nikawa nimeshazoea kubishana.

Mashauri yake hayakuwa na maajabu, na hilo liliwaudhi watu. Mtu alitembea kutoka kijiji cha Swima akitarajia chupa ya dawa, akaambiwa afue shuka lake na kulianika juani. Upele hakukubali kuutibu kwa mtu mmoja. "Leta nyumba muzima, siku moja," alisema, "la sivyo munapeana tu, leo weye, kesho bibi yako." Watoto wachanga alikataza wasipakwe mafuta yenye harufu nzuri. Directeur alipotokwa na vipele vya joto shingoni, alimwambia avue tai, siasa haikai shingoni. Directeur alivaa kola wazi wiki mbili, tukamwona kwa mara ya kwanza kuwa ni mtu mwenye koo jembamba na aibu nyingi.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Yeye aliyetufundisha kukaa meza moja na wapinzani hakumsalimia jirani yake wa nyuma kwa miaka, kwa sababu ya mfereji wa maji machafu. Tukimkumbusha, alijibu, "Ile haiko politique, ile ni maji." Alilaani mukorogo kama dhambi, lakini Jumapili alijipaka poda mpaka uso na shingo vikawa havijuani. Na ukimshinda kwa hoja hakukubali kushindwa. Alitazama mikono yako, akakuta kasoro. Nilimpenda hivyo hivyo. Niseme wazi kwamba nilimpenda, kwa maana nitakayoyasimulia mbele yanaweza kukufanya udhani vingine.

Neno alilolipiga vita kuliko yote lilikuwa "wageni," likisemwa juu ya watu wa milimani, wale wafugaji wanaozungumza Kinyarwanda. Huku kwetu neno hilo limetangulia mbele ya moto mara nyingi, na kila upande una makaburi yake ya kuonyesha. Yeye hata kaburi hakuwa nalo. Mdogo wake aliuawa huko juu alikokuwa akiuza chumvi, na mwili haukushuka. Alituambia mwenyewe kwamba baada ya hapo, kwa mwaka mzima, alilitumia neno hilo kuliko mtu yeyote Baraka, na kwamba lilimsaidia kupata usingizi.

Aliyemtoa katika neno hilo alikuwa Mama wa Samli. Huyu alikuwa mwanamke wa milimani aliyeishi Baraka na watoto wake, akiuza samli sokoni. Wakati wa matanga ya kutimiza mwaka ya yule mdogo wake alikuja peke yake, akaketi chini kando ya wanawake wengine, na hakuna aliyemsogelea. Akaketi siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama Infirmière alisema alikuwa akimtazama kwa hasira tu, akingoja achoke. Siku hiyo ya tatu akamwendea, akamwuliza anatafuta nini. "Sitafute kintu, mama," yule akajibu. "Na mi nilifiwa. Hakuna mwenye alikuja."

Kumbe ndio ulikuwa mwanzo. Nilipoanza kuhudhuria baraza, walikuwa marafiki wa zamani tayari, wa kutukanana kila siku. Walikuwa wakichanganya samli na mafuta ya mise, kwa ajili ya visigino vinavyopasuka kiangazi, na kila mara Mama Infirmière alilalamika kwamba mchanganyiko unanuka ng'ombe. "Munanuka samaki toka kuzaliwa," Mama wa Samli alimjibu, "leo njo muko na pua?" Wanawake wa Mboko walikuja kuuchukua mchanganyiko ule kwa vikopo vya nyanya, na hawakuuliza nusu yake imetoka kwa nani.

Uchaguzi ulipokaribia tulipata mgombea. Alikuwa kijana, amesoma, na alizungumza juu ya barabara na wasichana kwa maneno yaliyofanana na yetu. Mengine nadhani aliyaokota barazani kwetu. Mshindani wake alikuwa mtu wa bunduki, kila mmoja alijua hivyo na kila mmoja alilisema akiwa amepunguza sauti. Basi siku ya mkutano mkubwa uwanjani mgombea wetu alishangiliwa mpaka akalewa makofi, akasema kwamba tukimchagua, ardhi ya wilaya yetu ya Fizi haitakuwa tena ya wageni. Uwanja ukalipuka. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na Mama Infirmière. Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akasema tu, "Turudi."

Jumamosi ile hakuna aliyeonyesha upele.

"Mama, ile ni luga ya campagne," Directeur alisema. "Akishapita tutamurudisha mu njia. Tukimukatala, mwenye bunduki njo anapita. Tutabakia na midomo safi na maiti."

"Mi sitavoter muntu mwenye anaita mujirani wangu mugeni," alisema mke wa mchungaji. "Nitaacha karatasi mweupe."

"Karatasi mweupe inasaidia nani?" motard akauliza, na hapo wakaanza wote kwa pamoja. Mmoja alitaka tumwandikie mgombea barua aombe radhi. Mwingine akasema ukimwomba mwanasiasa radhi wakati wa kampeni, atairudia kauli yake mara mbili zaidi. Tulibishana mpaka jua likaingia nyuma ya milima. Mama Infirmière alikuwa amekaa, mikono mapajani, hamkati mtu.

Mwishoni alisema: "Tutamuvoter. Mi nachagua muntu mwenye kesho nitamugombeza na atasikia. Ule mwingine, ukimugombeza, anakutumia bantu."

Sikuona kosa ndani ya hoja ile wakati huo, na hata leo nikiigeuzageuza silioni vizuri, na hilo ndilo linaloniumiza.

Alikwenda yeye mwenyewe kumwambia Mama wa Samli. Nilikuwepo, nikimpima binti yake blauzi ya shule. Mama wa Samli alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Unanituma nivoter muntu mwenye aliniita mugeni mbele ya bantu bote?"

"Nakutuma uvoter barabara," Mama Infirmière alisema. "Na masomo ya huyu mutoto."

Mama wa Samli alimtazama binti yake aliyekuwa amenyoosha mikono, nimemzungushia futi kifuani. "Sawa," akasema. "Juu ni weye unaniomba."

Sasa nifike kwenye mafuta. Kura zilikuwa zinapigwa kwa mashine, ile ya kugusa kioo ndipo ichape karatasi. Kabla ya siku yenyewe waliileta moja shuleni ili watu wajifunze, na wanawake walipanga foleni. Mwanamke wa kwanza aligusa, kioo kikanyamaza. Akagusa tena. Wa pili hivyo hivyo. Vidole vyao vilikuwa vimekauka na kuwa vigumu kwa mihogo, jembe na majivu ya kufulia, na kioo hakikuvitambua. Kijana aliyeleta mashine alicheka, akasema, "Mikono ya bamama ilishakufa."

Sijapata kumwona Mama Infirmière akikasirika vile. Aliondoka bila kuaga, na jioni hiyo akatangaza siku saba za mafuta. Kila mwanamke aloweke mikono katika maji vuguvugu asubuhi na jioni, asugue ncha za vidole taratibu kwa kitambaa, apake mise na samli wakati ngozi ingali laini, tena apake kidogo asubuhi ile ya kupiga kura. Tulipeleka vikopo nyumba kwa nyumba, mpaka Swima, mpaka Mboko. Directeur alitupa kauli ya kwenda nayo, kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Zilikuwa siku njema. Wanawake walikaa milangoni wameloweka mikono, wanaume wakiwauliza leo nani anapika, nami nilidhani hivi ndivyo nchi inavyobadilika.

Mashine iliwasikia. Siku ya kupiga kura, katika ua wa shule, niliona wanawake wazima wakitoka chumbani wakicheka kwa sababu kioo kimewaitikia kwa mguso mmoja. Mlangoni kila aliyemaliza alichovya kidole katika wino, ili asirudi kupiga tena. Nami nilichovya, nikajifuta kwenye pindo la kitenge. Nilipotazama, kidole kilikuwa safi. Yule aliyekuwa nyuma yangu, safi. Wino ulikuwa umeteleza juu ya samli kama maji juu ya jani la muhogo. Tulitazamana, tukacheka tena, kidogo. Sisi tuliokuwa tukibishana juu ya kila neno hatukuwa tumefikiria wino.

Mama wa Samli alikuwa amekaa chini ya dirisha, kadi mkononi, akimngoja rafiki yake atoke ili warudi pamoja. Kijana mmoja mwenye fulana ya mgombea wetu alimwona, akamshika mkono, akauinua. "Angalieni! Alishavoter, kidole hakina wino! Mugeni anataka kurudilia!" Wenzake wakaja. Watu wakasogea.

Mama Infirmière alikuwa ndiyo kwanza anatoka. Alipita katikati ya watu, wakampisha. Nilijua atasema nini. Angesema ni mafuta yangu, tazameni kidole changu mimi, tazameni vya bamama wote. Maneno machache tu.

Lakini pale mlangoni alisimama shahidi wa yule mshindani, mtu wa bunduki, daftari mkononi, tangu asubuhi akitafuta sababu ya kufutisha kura za chumba kile. Karibu wanawake wetu wote walikuwa wamepigia pale. Akisikia neno mafuta, ataandika kwamba wino haukushika kidole cha mtu, na siku saba zimekwenda bure, na huenda uchaguzi pia. Nilielewa hivyo mara moja. Najua na yeye alielewa, maana alimtazama shahidi kabla ya kumtazama rafiki yake.

Alisema: "Bijana, musiseme mugeni. Huyu iko mwenyeji wa Baraka, alivoter sawa mi na ninyi. Tutumie luga ya heshima."

Alisema vizuri, kama barazani. Kijana alimjibu hata kwa adabu: "Ndiyo, mama. Lakini angalia kidole."

Mama Infirmière alikitazama. Kisha akaingiza mkono wake wa kulia ndani ya kitenge. Mimi nilikunja ngumi, kidole changu ndani.

Walichana kadi ya Mama wa Samli, wakamtoa nje ya ua wakimsukuma, kitambaa chake cha kichwani kikabaki chini. Hawakumpiga. Huwa nasema hivyo kila nikisimulia, kama vile ni sifa. Jioni moja wiki hiyo alipakia magodoro na watoto kwenye lori la Uvira. Binti yake alipita dukani kwangu kuchukua blauzi. Ilikuwa haijawekwa vifungo, akaichukua hivyo.

Mgombea wetu alishinda. Akaenda Kinshasa. Barabara iko vile vile, ukitaka kuamini njoo wakati wa mvua. Na ile hoja ya kumgombeza kesho, Directeur alijaribu. Simu haikupokelewa, kisha namba haikuwepo tena.

Baraza liliendelea kwa muda, kwa mazoea. Watu walileta ngozi zao naye alizitazama, lakini hakukata tena kauli ya mtu. Jumamosi moja Directeur alisema "wanyonge" mara tatu katika sentensi moja, polepole, akimtazama, akimngoja. Mama Infirmière aliendelea kukamua jipu la mtu. Directeur alimaliza hotuba yake yote mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza, na hakurudi tena baada ya siku ile.

Kiangazi kilichopita nilimfuata Mboko, alikohamia kwa binti yake. Nilikwenda kwa moto, ile pikipiki ya kukodi, vumbi mpaka kwenye meno. Nilimkuta uani akimenya mihogo. Alikuwa amepungua, na mikono yake ilikuwa imepasuka mpaka damu, mikono ya mtu ambaye hajawahi kupewa ushauri. Nilitoa kikopo kwenye mkoba. Akatikisa kichwa.

"Acha. Inazoea."

Tulizungumza juu ya watoto, juu ya bei ya ndagala, juu ya waliokufa. Uso wangu aliutazama, akasema uko vizuri. Alimenya muhogo mmoja, akauweka kwenye beseni, akachukua mwingine. Kisha, bila kuinua macho:

"Siku ile, sababu ya nini haukusema?"

Miaka yote nilikuwa nikiogopa swali hilo, ila sikudhani litatoka kwake. Nilimjibu ukweli. "Nilikuwa nakungoja weye, mama."

Akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu aliyeletewa habari anayoijua. "Na yeye vile vile," akasema. "Alikuwa anangoja mi. Banamuvuta, banapiga makelele, hakuangalia hata mumoja wabo. Aliangalia mi tu, mpaka ku mulango. Haukuona?"

Sikuwa nimeona. Muda ule wote nilikuwa nikitazama ngumi yangu.